Tyuna ya TV kwa kompyuta ya mwalimu: kisa kimoja cha Mtwapa

Mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya upili huko Mtwapa alikuwa na haja ambayo mwenyewe aliiona ndogo. Alitaka taarifa ya habari ya saa moja jioni inaswe kwenye kompyuta kila siku, bila bando, ili asubuhi yake darasani wanafunzi wasikilize jinsi stesheni tatu nne zilivyoieleza habari ile ile. Nani kasema "waathiriwa" na nani kasema "wahanga", nani kamaliza sentensi na nani kaiachia njiani. Intaneti ingefanya kazi hiyo, lakini saa moja ya video ya kawaida hula karibu GB moja, na hapo ni stesheni moja tu. Hewani matangazo hayo hayo yanapita bure.

Alifika dukani kwetu na kifaa tayari mkononi: tyuna ya USB, yaani kifaa kinachoipokelea kompyuta matangazo ya TV kutoka kwenye antena. Visa vingi vya tyuna huanza hivyo: mtu amenunua, ndipo anauliza.

Kilikuwa kama flashi nyeusi. Upande mmoja USB, upande wa pili tundu dogo la antena, na ndani ya boksi mlikuwa na kijiantena chenye kitako cha sumaku, rimoti ya ukubwa wa kadi ya ATM na sidii ndogo ambayo laptopu yake haina hata pa kuitia. Juu ya boksi pameandikwa kwa rangi za kumeremeta: DVB-T, DAB, FM, na HDTV kwa herufi kubwa kuliko zote.

"Nimeskani mpaka nimechoka, fundi. Hakuna hata chaneli moja. Nadhani ni antena."

"Majirani wanapata, mwalimu?"

"Wanapata zote. Na mimi nimeshanunua antena ya nje kama yao. Bado sufuri."

Jibu hilo la pili lilitosha kuiondolea antena lawama. Antena mbovu hukupa chaneli mbili zinazokatika-katika, au fungu moja likakubali na jingine likakataa. Sufuri kamili, mahali ambapo nyumba nzima ya jirani inatazama bila taabu, huwa ina maana nyingine.

Nilikichomeka kwenye kompyuta ya Linux ya dukani nikatazama kinavyojitambulisha. Katika mistari ya mfumo ulitokea mmoja uliomaliza hadithi: Realtek RTL2832 (DVB-T). Chipu hiyo naijua. Haina kasoro wala kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kizima kabisa, ila kinasikiliza lugha ambayo hewani kwetu haisemwi.

Kenya ilizindua majaribio ya matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, kizazi cha pili cha mfumo huo, kabla ya zoezi lenyewe kushika kasi. Waliowahi kununua ving'amuzi vya mwanzo mwanzo wanaikumbuka hamahama hiyo kwa uchungu, maana vilibaki mapambo. Tarehe ya mwisho ya kimataifa ya kuzima analojia kwenye masafa ya UHF ilikuwa 17 Juni 2015, na sisi tuliifikia baada ya vuta nikuvute ya Februari na Machi mwaka huo, pale stesheni za Citizen, NTV na KTN zilipopotea hewani kwa wiki kadhaa. Ziliporudi zilirudi kwa DVB-T2.

Tofauti ya T na T2 haifanani na tofauti ya toleo la programu, kwamba utapakua sasisho na mambo yaishe. Mfumo wa T hupanga data kwa namna isiyozidi hatua 64 katika kila alama inayorushwa. T2 hufika 256, na hurekebisha makosa ya njiani kwa hesabu tofauti kabisa. Kazi hiyo ya kufumbua inafanyika ndani ya chipu yenyewe. Chipu iliyochongwa kwa T ikikutana na T2 haioni picha mbovu, haioni kitu. Ndiyo sababu skani ya mwalimu ilipita kila masafa na kurudi mikono mitupu, huku programu ikimwambia kwa upole aangalie antena yake.

Mbona basi vifaa hivi vimejaa madukani kuanzia Luthuli ya Nairobi hadi Mombasa? Kwa sababu vilitengenezwa kwa wingi wa ajabu, vikawa rahisi, halafu mwaka 2012 watu wa redio wakagundua kwamba chipu hiyo inaweza kumwaga mawimbi ghafi moja kwa moja kwenye kompyuta. Tangu hapo vinanunuliwa na wapenda redio duniani kote, wala si kwa TV. Cha mwalimu hakikutupwa. Mwenzake wa fizikia alikichukua, akakipachika kijiantena chake kilichokatwa kwa urefu mwingine, na sasa anawaonyesha wanafunzi ndege zinazoingia na kutoka uwanja wa Moi zikijitangaza kwenye masafa ya MHz 1090. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri kupindukia.

Tukaanza upya, na safari hii tulianzia kwenye mawimbi badala ya dukani. Hewani kuna nini, kimefungwa au kiko wazi, na mwalimu anataka kukifanyia nini?

La kwanza lilishajibika: DVB-T2, UHF, picha zilizobanwa kwa H.264. La pili hupuuzwa sana. Tyuna ya USB haina pa kuingiza kadi. GOtv na vifurushi vya kulipia vinarushwa kwa T2 vilevile, tyuna itavipata, itaandika majina yake vizuri kwenye orodha, na ukibonyeza utaona giza. Mtu akija kwangu anataka tyuna ya kutazama mpira wa kulipia, namshauri abaki na king'amuzi chake. Taarifa ya habari ya mwalimu iko kwenye chaneli za bure, kwa hiyo hapo tukapita.

La tatu nililikazania, hata akadhani namfukuza. Kwa nini kompyuta? Kama haja ni kutazama tu, king'amuzi cha T2 cha chaneli za bure na skrini yoyote yenye HDMI vinatosha, na mambo ya draiva hayakuhusu. Watu wengine hudhani watachomeka king'amuzi kwenye tundu la HDMI la laptopu na picha itaingia. Haiingii. Tundu lile ni la kutolea picha, si la kuipokea. Ipo njia ya kadi ya kunasa HDMI, ile inayoingia USB, nayo inafanya kazi, ila inanasa chaneli moja tu, ile iliyofunguliwa na rimoti wakati huo, na picha hubanwa upya ikapungua ubora. Halafu king'amuzi chenyewe mara nyingi kina tundu la USB na kinaweza kurekodi kwenye flashi bila kompyuta yoyote. Hilo ndilo lililokuwa mshindani wa kweli katika kisa hiki, kwa bei na kwa urahisi.

Tulikijaribu cha mama mwenye nyumba wake. Kinarekodi, ndiyo. Lakini stima ikipotea na kurudi kinasahau saa mpaka kipate mawimbi tena, ratiba ilikaa kwenye menyu ya kubonyeza mshale mara thelathini, na faili zilikatwa vipande kwa sababu flashi ilikuwa ya FAT32, ambayo haibebi faili linalofika GB 4. Kwa taarifa moja kwa siku ningemwambia mwalimu atulie hapo hapo. Yeye alitaka nne, na zote ni saa ile ile moja.

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na ndipo nimeona hata mafundi wenzangu wakikosea hesabu. Watu hufikiri tyuna moja ni chaneli moja. Sivyo. Katika dijitali chaneli hazirushwi moja moja. Hufungwa pamoja kwenye fungu moja linalokaa katika masafa ya upana wa MHz 8, na programu za kompyuta huliita fungu hilo mux. Tyuna hukamata fungu zima. Kompyuta ndiyo inayochambua ndani yake chaneli unayoitaka, na ukitaka mbili au tano za fungu hilo hilo, inazichambua zote kwa wakati mmoja. King'amuzi cha kawaida kinaficha jambo hili kwa sababu kimetengenezwa kuonyesha picha moja. Kompyuta haifichi.

Kwa hiyo swali la tyuna ngapi linategemea chaneli unazozitaka zinakaa mafungu mangapi. Nilipeleka tyuna ya dukani nyumbani kwa mwalimu tukaskani kwa utulivu, tukiandika kila fungu na vilivyomo. Citizen, NTV na KTN tulizipata pamoja kwenye masafa mamoja, nalo si ajabu kwa anayekumbuka kwamba kampuni zake tatu ziliungana kuanzisha mtandao wao wa kurusha matangazo, ADN. KBC, shirika la taifa la utangazaji, ilikuwa kwingine, kwenye fungu la Signet, ambalo ni la upande wa KBC yenyewe.

Maana yake: tyuna moja tu ingemnasia taarifa tatu kwa mpigo. Ya nne, KBC, ilihitaji tyuna ya pili. Nilimuuliza kama KBC ni lazima.

"Fundi, hiyo ndiyo ya lazima kuliko zote," akasema. "Kiswahili cha pale bado kina mkono wa zamani. Bila hiyo sina cha kulinganisha."

Basi tyuna pacha: kifaa kimoja cha USB chenye tyuna mbili ndani na tundu moja la antena linalolisha zote mbili. Kama angesema KBC si lazima, ningemtetea achukue ya moja na abaki na pesa zake. Za kadi, zile za kufungwa ndani ya kompyuta ya mezani, nilizikataa kwa sababu ndogo tu kwamba mashine hubadilishwa na kwenye laptopu haziingii. Ipo pia aina ya tyuna inayokaa kwenye mtandao wa nyumba, HDHomeRun ndiyo maarufu zaidi, ambayo huchomekwa antena na waya wa mtandao na kila kompyuta ya nyumba ikatazama. Nzuri kwa familia au kwa shule yenye mtandao wake. Kwa chumba cha mwalimu mmoja ni anasa.

Kuipata sasa. Binamu yake aliye Marekani alijitolea kutuma, na hapo tulimzuia kabla hajalipa. Marekani wanatumia mfumo mwingine, ATSC. Kibaya zaidi, kuna tyuna kama WinTV-dualHD ya Hauppauge ambazo huuzwa kwa jina moja pande zote mbili, moja kwa ATSC ya Marekani na nyingine kwa DVB-T2 ya Ulaya, na kwa macho huwezi kuzitenganisha mpaka usome maandishi madogo. Mtu wa Botswana naye angetuzuia kwa sababu hiyo hiyo, maana wao walichagua mfumo wa ISDB-T wenye asili ya Japani.

Dada yake mwalimu yuko Uingereza, na huko ndiko tulikoelekea. Waingereza walianza matangazo ya T2 tangu Desemba 2009, upana wa masafa ni MHz 8 kama kwetu, hivyo kifaa cha kule hufanya kazi huku bila kubadilishwa chochote. Tahadhari ni moja: chaneli zao nyingi za kawaida bado ziko kwenye T ya zamani, na T2 wameitumia kwa zile za HD. Tyuna iliyoandikwa Freeview, jina la TV yao ya bure ya antena, peke yake inaweza kuwa ya T tupu. Iliyoandikwa Freeview HD ndiyo yenye T2. Mwalimu akamwandikia dada yake ujumbe wa mstari mmoja: "Dada, usisahau HD, na usome mpaka uone T2."

Kwa chipu ya ndani niliomba iwe Si2168 ya Silicon Labs. Si kwamba nyingine hazifai, bali hiyo Linux inaifahamu, na mtu akikwama kuna wengi waliokwisha kupita njia hiyo. Inahitaji faili dogo la firmware, programu ya kuendesha chipu yenyewe, liwekwe mahali pake kwenye mfumo. Bila hilo kifaa kinatambulika lakini hakikamati kitu, na hapo wengi hurudi tena kuilaumu antena.

Kompyuta iliyotumika ni ya mezani, kuukuu, ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye stoo ya shule. Mwalimu alikuwa na wasiwasi nayo. Mashine inayohema kufungua video itawezaje kurekodi nne? Lakini kurekodi matangazo ya dijitali hakuna jasho. Picha inakuja ikiwa imeshabanwa kutoka stesheni. Kompyuta inachota data na kuimwaga kwenye diski kama ilivyo. Nguvu inahitajika wakati wa kutazama. Chaneli ya megabiti 2 (Mb 2) kwa sekunde hujaza megabaiti 900 (MB 900) kwa saa, kwa hiyo nne ni GB 3.6 kwa jioni moja, GB 18 kwa wiki ya shule. Diski ya GB 500 ingebeba zaidi ya nusu mwaka, na hafuti kitu.

Programu ni TVheadend. Inakaa kimya nyuma, unaiendesha kupitia kivinjari, inajua mafungu, inajua tyuna mbili, na inagawa kazi yenyewe. Kwenye Windows ningechukua NextPVR. Tangu Windows 10 ije bila Media Center mwaka 2015 mtu wa Windows lazima atafute programu ya nje. Ratiba iliwekwa 19:00, na dakika tatu za akiba mbele na kumi nyuma, kwa sababu taarifa zetu huanza kwa wakati ila kumaliza ni majaliwa.

Antena ilitutoa jasho kuliko tyuna, ingawa si kwa ile sababu ya mwanzo. Ile ya nje aliyoinunua ilikuwa sawa, ya UHF, si yale mafito marefu ya VHF yaliyobaki juu ya nyumba nyingi tangu enzi za analojia. Kuielekeza hakuhitaji simu wala dira: tazama antena za majirani zenye picha nzuri zinaelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama, ukaige vyote viwili. Kijiantena cha sumaku kilichokuja na kifaa cha kwanza hakikufaa kitu humo ndani. Kuta ni za mawe, juu mabati, na mawimbi ya UHF hayapendi hata kimoja.

Fungu la ADN lilishika mara moja. La KBC lilikuwa likishika na kuachia, kipimo cha ubora kikicheza kati ya desibeli 16 na 18 na makosa yakijaa kwenye safu ya mwisho. Nilifungua kichwa cha waya pale kwenye mlingoti. Waya wa katikati, ambao unapaswa kung'aa kama sarafu mpya, ulikuwa umeota ukungu wa kijani, na nyuzi za nje zimekuwa unga. Hewa ya chumvi ya Mtwapa haimwonei huruma mtu aliyefunga kichwa cha antena bila kukiziba. Tukakata kipande, tukafunga kichwa kipya cha kubana badala ya kile cha kuskurubu, tukakizungushia mpira wa kuziba maji. Tukaondoa pia kigawanyio kilichokuwa kinapeleka mawimbi kwenye TV ya sebuleni iliyokufa zamani. Kigawanyio cha njia mbili hula zaidi ya desibeli 3 hata kama upande wa pili hauna mtu. Kipimo kikapanda hadi 23 na kutulia.

Muuzaji wa antena alikuwa amempa na kikuza-mawimbi. Nilikitoa. Kikuza-mawimbi hukuza pia kelele zilizokwisha kuingia, na karibu na mnara hufurika kabisa. Kina faida pale tu waya ni mrefu na kimefungwa juu, karibu na antena, si nyuma ya kompyuta. Jambo jingine: kikikosa stima, waya wote unakuwa umezibwa. Bila hicho, kompyuta ikiwa kwenye betri ya akiba inaendelea kurekodi hata mtaa mzima ukiwa gizani, mradi mnara uko hewani.

Tyuna yenyewe imewekwa kwenye waya mfupi wa USB wa kurefusha, isigusane na mgongo wa kompyuta. Vifaa hivi hupata joto vikifanya kazi muda mrefu, na kompyuta kuukuu nayo hutoa kelele zake za mawimbi. Waya wa nusu mita unatatua yote mawili kwa bei ya soda.

Mfumo umekaa, na taarifa nne zinamngoja mwalimu kila asubuhi kwenye folda ya tarehe ya jana. Alichorudi kuuliza juzi ni kama walimu wenzake wanaweza kutazama moja kwa moja kwenye simu wakiwa kwenye chumba cha walimu. Wanaweza: TVheadend inatoa matangazo kupitia mlango 9981, na VLC ya simu inayafungua. Lakini kila simu itavuta Mb zake 2 kutoka kwenye kiruta kimoja cha ofisi, na ikiwa mmoja anatazama chaneli ya fungu la tatu saa moja kamili, tyuna zote mbili zitakuwa kazini tayari. Nimezipa rekodi kipaumbele cha juu kwenye mipangilio, ili anayekosa awe mtazamaji na si darasa.